Mtamba Mwenye Mimba na Kamba Yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya Muungano kutimiza miaka 10



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza safari ya Muungano kwa miaka hii 10, nasi hatuna haja ya kuyarudia yaliyosemwa vizuri. Sisi tulioshika kazi ya mifugo tumeombwa tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni ununuzi wa mitamba wenye mimba kwa wanachama wenye mashamba madogo.

Yamkini wako watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mbele ya ngano, mbaazi, alizeti na vitunguu. Lakini kwa mtu mwenye eka 2 au 3, ng'ombe mmoja wa maziwa ni shamba la pili. Akiwa mwema, nyumba hupata maziwa ya watoto, samadi ya shamba, na fedha kidogo kila juma. Akiwa mbaya, hula majani, hunywa maji yaliyotekwa mbali, na deni husimama palepale. Na mwenye shamba dogo hana ng'ombe wa pili wa kumfuta machozi.

Tena tusisahau kwamba wapo miongoni mwetu wanaoanza upya. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilipoteza mazao na mifugo pamoja. Kumpa mtu wa namna hiyo mkopo wa ng'ombe asiyefaa ni kumwongezea msiba.

Basi neno letu ni hili: mtamba anunuliwaye kwa fedha ya ushirika sharti awe amethibitika kuwa ana mimba, na sharti awe amefundishwa kufuata kamba. La kwanza wengi wenu mwalikubali. La pili wengine hulicheka. Tutajaribu kuonyesha kwamba hilo la pili ndilo linaloyalinda mengine yote.

NCHI YETU NA UFUGAJI WAKE

Sisi wa nchi hii si wageni wa kufuga ndani. Wazee wa Kainam na vilima vya jirani, katika nchi ya asili ya Wairaqw, tangu kale walilaza ng'ombe chini ya paa moja na watu, wakaipeleka samadi shambani, na kwa njia hiyo wakalima mahali palepale vizazi kwa vizazi. Ndugu zetu Wabarbaig nao walihamisha makundi yao katika nyika za Hanang, wakifuata nyasi na maji. Njia zote mbili zilikuwa na akili yake. Lakini watu wameongezeka, mbuga zimelimwa, na kijana wa leo hurithi kipande cha shamba ambacho babu yake angekiita bustani.

Ng'ombe wetu wa asili, yule mfupi mwenye nundu, ni mvumilivu wa njaa, kiu na maradhi. Twamheshimu. Lakini maziwa yake, baada ya ndama kunyonya, aghalabu ni lita 1 au 2 kwa siku. Chotara wa Friesian au Ayrshire akilishwa na kutunzwa vyema hutoa lita 8, 10, na hata kupita. Baridi ya nchi yetu ya juu yamfaa. Hata hivyo chotara hakuzaliwa na uvumilivu ule wa mama yake. Hukaa bandani, hulishwa kwa mkono, huogeshwa kwa mkono, hukamuliwa kwa mkono. Mshike neno hilo, ndugu zangu: kwa mkono. Ng'ombe wa kundi huendeshwa kwa fimbo kutoka nyuma. Ng'ombe wa banda lazima akubali mkono wa mtu kila siku ya maisha yake.

KWA NINI MTAMBA MWENYE MIMBA

Mtu atakaye kuanza ana njia tatu. Aweza kununua ndama jike aliyeachishwa kunyonya. Bei yake ni ndogo, lakini atamlisha karibu miaka 2 bila kuona tone la maziwa, na yote yanayoweza kumpata ndama yatampata mikononi mwake. Aweza kununua ng'ombe anayekamuliwa. Hapo maziwa huonekana mara moja, lakini inafaa ajiulize: nani auzaye ng'ombe wake bora? Mara nyingi auzwaye ni yule mwenye chuchu iliyokufa, au asiyeshika mimba, au arushaye teke. Njia ya tatu ni mtamba mwenye mimba. Umri wake bado mdogo, kiwele chake hakijaharibiwa na mkono wa mtu mwingine, na baada ya miezi michache nyumba ina viumbe wawili na maziwa juu yake.

Wenzetu wa nchi nyingine waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1944 mkulima wa Marekani aitwaye Dan West, ambaye alipata kugawa maziwa kwa wenye njaa wakati wa vita vya Hispania, alianzisha kazi ya kuwapelekea maskini mitamba badala ya maziwa. Kundi la kwanza lilikuwa la mitamba 17, likasafirishwa kwenda Puerto Rico. Aliyepewa mtamba alitakiwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Shirika lake, ambalo leo laitwa Heifer International, lilifika Tanzania katika miaka ya 1970, na desturi ile imekuwa ikijulikana kwetu kwa jina la "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Kwa watu wa nchi hii jambo hilo halikuwa geni. Kumwazima jirani ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake ni urithi wa wazee wetu, kabla ya benki yoyote kujengwa.

MIMBA ITHIBITISHWE

Tumbo kubwa si mimba. Mtamba aliyeshiba majani na maji asubuhi ya mnada huonekana kama atazaa kesho. Mtamba tasa naye hunenepa kuliko wenzake, kwa sababu chakula chake chote hukaa mwilini. Kutokurudi joto baada ya siku 21 ni dalili njema, lakini si uthibitisho. Uthibitisho ni mkono wa daktari wa mifugo au mtaalamu aliyezoea kazi hiyo, ambaye hupima kwa ndani na kuitambua mimba baada ya miezi 2 hadi 3.

Yako mambo manne ya kuuliza juu ya mimba hiyo.

Kwanza, tarehe ya kupandishwa. Ng'ombe huchukua mimba yapata siku 280, yaani miezi 9 na siku chache. Mwenye tarehe ajua siku ya kujitayarisha. Asiye nayo hukutwa usiku bila taa.

Pili, baba wa ndama. Mtamba apandwaye na dume la aina kubwa mno hupata taabu katika uzazi wa kwanza, na mara nyingine hupotea yeye na ndama. Kwa mtamba mdogo, dume la Jersey au dume linalojulikana kutoa ndama wadogo ni salama zaidi. Ikiwa alihimilishwa kwa mbegu, kama zile za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, namba ya mbegu na iandikwe.

Tatu, ukubwa wa mtamba mwenyewe alipopandishwa. Yafaa awe alikwisha kufikia sehemu 6 katika 10 za uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Aliyepandishwa akiwa mtoto hudumaa, na nyonga zake huwa nyembamba.

Nne, kuzaliwa kwake. Mtamba aliyezaliwa pacha na ndama dume karibu siku zote ni tasa; katika 100 wa namna hiyo zaidi ya 90 hawazai. Mwuzaji mwaminifu atalisema hilo. Asiyekuwa mwaminifu atafichuliwa na mkono wa daktari.

Msiache pia kutazama kinywa. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Yatazamwayo ni yale 8 ya chini. Mtamba wa kununua aghalabu ana meno mapana mawili ya kati, au manne. Akiwa nayo yote 8, huyo si mtamba tena, hata akiitwa hivyo na dalali.

NENO JUU YA KAMBA

Sasa twafika kwenye lile linalochekwa. Wako wasemao kwamba kumfundisha mtamba kufuata kamba ni mambo ya maonyesho, ya watu wenye nafasi. Twawajibu kwa swali moja: nani katika nchi hii afungaye maksai asiyefundishwa kwenye plau? Hakuna. Kila mkulima wa Dongobesh, Haydom au Endasak ajua kwamba maksai hufundishwa taratibu: hutiwa kamba, huzoezwa nira, huunganishwa na mwenzake mzee, hufundishwa maneno ya kwenda na kusimama. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, na hakuna aionaye kuwa ni mchezo. Basi twampa elimu yule atumikaye siku chache za kulima, na huyu atakayeshikwa asubuhi na jioni kwa miaka mingi twamchukua mjinga kama alivyotoka machungani. Haiwi sawa.

Tazameni faida zake moja moja.

Kamba ndiyo inayowezesha kuua kupe. Ndigana kali, ugonjwa uuao machotara wengi kuliko mwingine katika nchi yetu, huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya sikio. Mwenye ng'ombe mmoja hana josho. Ana pampu ya mkono na kitambaa. Nani atatia dawa ndani ya sikio la mnyama asiyekubali kuguswa kichwa?

Kamba ndiyo inayowezesha tiba. Mtaalamu wa mifugo ana vijiji vingi na siku moja. Akimkuta ng'ombe amefungwa kwa utulivu hufanya kazi yake na kwenda. Akimkuta anarukaruka, na vijana watano wanamkimbiza kwenye migomba, ama dawa humwagika, ama mtu huumia. Na saa ya joto la ng'ombe haingoji. Uhimilishaji ukichelewa, nyumba hungoja siku 21 nyingine.

Kamba ndiyo inayoleta maziwa. Ng'ombe mwenye hofu huyazuia. Mkamuaji huona kiwele kimejaa, lakini maziwa hayashuki. Kinachobaki ndani huharibu kiwele, na kiwele kikishapata ugonjwa chuchu hufa.

Tena, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kamba ndiyo inayolinda watu. Katika nyumba zetu nani akatae majani, atekaye maji, na akamuaye? Ni akina mama na watoto. Mkopo huandikwa kwa jina la baba, lakini teke humpata mama. Mtamba mwenye uzito wa kilo 300 na zaidi, aliyeingia kibandani bila mafunzo, akizaa mara ya kwanza kiwele kikiuma na ndama akilia, ni hatari kwa kila amkaribiaye. Akina mama waliopo hapa watushuhudie.

SIKU YA KUNUNUA

Kwa hiyo, mnunuzi akifika kwa mwuzaji asitosheke kumwona mtamba amekwisha kufungwa kwenye mti. Huenda alifungwa tangu alfajiri hata akachoka, naye huonekana mpole. Mwombeni mwenye mali amfungue, kisha amkamate tena mbele yenu. Mtamba aliyefundishwa husimama, au husogea, au hutoa kichwa. Asiyefundishwa hukimbia, na hapo mmekwisha kupata jibu.

Akikamatwa, mmoja wenu, asiyejulikana na mnyama yule, na aishike kamba. Amwongoze hatua 50, asimame, ageuke, arudi. Kisha afungwe, naye aguswe shingo, mgongo, tumbo, kiwele na chuchu zote 4, na mguu mmoja wa nyuma uinuliwe kidogo. Masikio yafunuliwe na kutazamwa ndani. Akisogeza mguu si neno. Ni mtamba, hajakamuliwa bado. Akipiga teke kwa kukusudia, au akitisha kwa pembe, mwacheni hata kama uzuri wake wapendeza. Ulizeni pia maneno aliyozoea kuyasikia, mkayaandike, kwa maana mnyama aliyehamishwa hupata faraja kwa sauti anayoijua.

Jambo hili ni vigumu kulifanya katika kelele za mnada. Minada yetu ni mizuri kwa ng'ombe wa nyama na kwa mbuzi. Mtamba wa maziwa na anunuliwe nyumbani alikozaliwa, ambako mama yake aonekana na kiwele chake, au katika mashamba yanayoweka daftari, kama yale ya Serikali ya kuzalisha mitamba yaliyoko Kitulo, Sao Hill, Mabuki, Ngerengere na Nangaramo.

JINSI YA KUFUNDISHA

Wengine watasema: tutanunua kwa bei ndogo, tutamfundisha wenyewe. Kwa ndama, vema. Kwa mtamba mwenye mimba, hatushauri. Akipambana na kamba huanguka, na akianguka aweza kuitupa mimba. Samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo yaanze ndama akiwa na miezi 4 hadi 8, wakati mtu mmoja aweza kumzuia.

Hatamu, yaani kamba ya kichwani, hutengenezwa kwa kamba laini ya katani au pamba yenye unene wa kidole. Kipande kimoja hupita nyuma ya masikio, kingine juu ya pua chini kidogo ya macho, na mkia wa kamba hutoka chini ya taya. Isiwe kitanzi cha shingoni, kwa kuwa hicho humnyonga mnyama akivuta. Isifungwe pembeni tu, kwa kuwa humfundisha kupigana kwa kichwa. Wala asiachiwe hatamu usiku na mchana, kwa maana ndama hukua na kamba haikui, ikaishia kumkata pua.

Siku za kwanza na afungwe kwenye nguzo imara, kamba fupi, kwenye usawa wa kichwa chake, kwa nusu saa tu, na mtu akae karibu. Fundo liwe lile linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, ili akianguka aokolewe upesi. Atavuta, naye atajifunza kwamba akisogea mbele kamba hulegea. Hilo ndilo somo lote: akikubali, kamba ilegee mara moja. Mtu asiyelegeza kamba humfundisha mnyama kuvuta. Baadaye na asuguliwe kwa brashi au kwa gunzi la hindi, aguswe mwili wote, kisha aongozwe kwenda kunywa maji, kwa sababu kila mnyama hufuata kwa hiari njia iendayo kwenye maji. Saa moja kwa siku, kwa majuma matatu au manne, yatosha. Kazi hii vijana wetu waiweza, wasichana kwa wavulana. Fimbo haihitajiki.

KUPE NA SAFARI

Mtamba aliyefundishwa hupanda gari bila kupigwa. Lakini safari yenyewe yahitaji akili. Wakati mwema wa kununua na kusafirisha ni mimba ikiwa na miezi 4 hadi 6. Baada ya hapo kila mtikisiko ni hatari, na akifika amechoka hana siku za kutosha kuwazoea wenyeji wake kabla ya kuzaa. Sakafu ya gari iwekwe nyasi au mchanga, mzigo usibanwe wala usilegee mno, na safari ifanywe wakati wa ubaridi. Kibali cha kusafirisha mifugo kipatikane kabla, si njiani.

Juu ya ndigana kali, ulizeni mtamba alikokulia. Aliyekulia mahali pasipo kupe hana kinga, na akishushwa kwetu aweza kufa katika majuma machache. Ipo chanjo, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, ambayo hutolewa mara moja pamoja na dawa ya kuzuia ukali wake, nayo imetumika sana katika mikoa yetu ya kaskazini. Mnyama aliyechanjwa aghalabu huvikwa hereni sikioni. Na achanjwe mapema, huko atokako, apate kama mwezi mmoja kabla ya safari. Chanjo hiyo ni ya ndigana kali peke yake. Ndigana baridi na maji moyo bado huletwa na kupe, kwa hiyo dawa ya kuogeshea isiachwe.

Damu yake nayo ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huo hauishii kwa ng'ombe. Humwingia mtu kwa maziwa mabichi, na kwa mikono inayoshika ndama aliyetupwa. Mgeni akifika akae mbali na ng'ombe wengine kwa majuma mawili au matatu, na maziwa ya nyumba yoyote yachemshwe.

NYUMBANI KWANZA

Tunawaomba wanachama wasimtangulize ng'ombe kabla ya chakula chake. Ng'ombe wa kilo 350 hadi 400 hula yapata kilo 35 hadi 40 za majani mabichi kwa siku, na akikamuliwa hunywa lita 40 hadi 60 za maji na zaidi. Kiangazi chetu ni kirefu, toka Juni hata Oktoba au kupita. Majani ya tembo au gwatemala yapandwe mvua ya mwaka uliotangulia, kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, na karibu eka moja ihesabiwe kwa ng'ombe mmoja. Mabua ya mahindi, majani ya mbaazi na makapi ya ngano ya nchi ya Basotu yakusanywe chini ya paa, yasiachwe yateketee shambani. Mashudu ya alizeti na pumba tunazo wenyewe. Mara nyingi twaziuza mbali kwa bei ndogo, halafu twalalamika kwamba chakula cha ng'ombe ni ghali.

Miezi miwili kabla ya kuzaa mtamba azoezwe kusimama mahali pa kukamulia, apewe pumba kidogo hapo, na kiwele kiguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Akizaa, ndama anyonye dang'a mapema, ndani ya saa 6 za kwanza, kwa kuwa humo ndimo mna kinga yake. Nyumba iliyofanya hivyo haitafunga ng'ombe miguu kwa kamba ili kumkamua.

KAZI YA USHIRIKA

Mtu mmoja peke yake hawezi kuyafanya haya yote. Hawezi kumlipa daktari safari ya mbali kumpima mtamba mmoja, wala kukodi gari kwa mnyama mmoja. Lakini wanachama 10 wa vyama vya msingi viwili waweza. Daktari mmoja, siku moja, huwapima mitamba 10. Gari moja huwaleta. Na mwuzaji ajuaye kwamba atauza 10 hathubutu kudanganya juu ya mmoja. Hiyo ndiyo maana ya ushirika.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila mtamba awe na karatasi yake: namba ya hereni, umri, tarehe ya kupandishwa, baba wa ndama, tarehe na jibu la kipimo cha mimba, chanjo alizopata, na sahihi ya mashahidi wawili waliomwona akikamatwa na kuongozwa kwa kamba. Sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 imekwisha kuweka utaratibu wa alama na kuandikisha. Tukiufuata twajilinda wenyewe. Na katika mapatano ya bei, sehemu ya fedha izuiliwe mpaka mimba ithibitishwe mara ya pili nyumbani kwa mnunuzi.

Twaleta basi shauri moja, mkalijadili katika mikutano ya vyama vyenu. Mkopo wa mtamba usitolewe mpaka karatasi hiyo ijazwe yote, pamoja na mstari wa kamba. Na kwa wale wanaokopa ng'ombe na kulipa ng'ombe, mtamba wa kulipa naye arudishwe akiwa amefundishwa. Asiwe mnyama wa porini anayeburutwa ili deni lifutike. Jirani apokee kile ambacho mtoaji alipenda kukipokea.

Tunajua kwamba mtamba wa namna hii bei yake ni kubwa kidogo. Lakini hesabuni hivi: tofauti hiyo ya bei ni mshahara wa kijana aliyemfundisha kwa mwezi mmoja. Kwa nini mshahara huo usiwe wa kijana wa Mbulu au wa Hanang? Tunao ubaridi, tunao majani, na tunao ujuzi wa maksai tuliorithi. Ndama majike wanaozaliwa mabandani mwetu mwaka huu, wakitiwa kamba mapema, ndio mitamba watakaotafutwa na wilaya nyingine baada ya miaka 2 na nusu. Hapo hatutakuwa wanunuzi tena, tutakuwa wauzaji, na jina la Muungano wetu litakuwa dhamana ya mnyama.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Tunawaombeni, kila mmoja akirudi nyumbani atazame bandani mwake. Ikiwa ndama jike yumo, amtafutie kamba laini, aanze kesho asubuhi.